Sauti katika Bomba Lililo Wazi

Tunduma ni mji wa mkoa wa Songwe, ulio mpakani mwa Tanzania na Zambia. Malori mengi hupita hapo kwa barabara kuu itokayo Dar es Salaam. Ukiyasikiliza kutoka mbali, utasikia mvumo mmoja tu. Kumbe mvumo huo ni mchanganyiko wa sauti nyingi, nene na nyembamba. Je, twaweza kuzitenga? Bomba tupu litatusaidia.

Jaribio

Chukua mabomba mawili ya mwanzi au ya plastiki, yenye upana sawa. La kwanza liwe na urefu wa sentimeta 34, la pili sentimeta 17. Ukitumia mwanzi, toboa mafundo yake ili hewa ipite. Simama katika uwanja wa shule, mahali unaposikia kelele za mbali za magari, watu au upepo. Usiende barabarani. Weka ncha ya bomba refu karibu na sikio, lakini isiliguse. Sikiliza. Kisha sikiliza kwa bomba fupi.

Umesikia nini? Katika bomba refu mvumo ni mnene. Katika bomba fupi ni mwembamba. Lakini kelele za nje ni zile zile!

Sababu yake

Sauti husafiri hewani kwa mawimbi. Mwendo wake ni karibu mita 340 kwa sekunde. Wimbi likiingia bombani hufika ncha ya pili, na sehemu yake hurudi, ingawa ncha hiyo i wazi. Katika bomba refu, kwenda na kurudi ni sentimeta 68. Hivyo kwa sekunde moja wimbi hufanya safari karibu 500. Sauti yenye mitetemo 500 kwa sekunde hupatana na safari hizo, nayo hupata nguvu. Sauti nyingi nyingine hazipatani nazo, hivyo hazipati nguvu.

Basi, kadiri bomba linavyokuwa fupi, ndivyo mitetemo inavyokuwa mingi na sauti kuwa nyembamba.

Maswali

1. Bomba la sentimeta 17 hukuza sauti yenye mitetemo mingapi kwa sekunde?
2. Mpiga filimbi akiondoa kidole kwenye tundu, sauti huwa nyembamba. Kwa nini?
3. Kandamiza bomba refu sikioni taratibu hadi ncha izibe. Je, mvumo utakuwa mnene zaidi au mwembamba zaidi? Andika jibu lako kwanza, kisha jaribu.