Mafuriko ya Machi Ni Mvua ya Zamani

Msomaji wa Urambo ameuliza swali zuri kuliko yote niliyopokea msimu huu. Mvua ya kwanza ya Novemba, anasema, inaweza kupiga usiku kucha na asubuhi mto ukabaki vilevile, mchanga na madimbwi. Lakini Machi mvua ya saa moja inatosha: kabla jua halijazama mto umefurika. Kama maji hupenya ardhini na kutembea polepole, yamefikaje mtoni siku hiyohiyo?

Mzunguko wa maji nauruka. Mchoro wake wenye mawingu na mishale umo katika kila kitabu cha shule, na swali hili linaanzia pale mchoro ule unapoishia. Maji yaliyoujaza mto jioni ile, kwa sehemu kubwa, hayakunyesha mchana ule. Yalinyesha Januari, au Desemba, na mengine misimu kadhaa nyuma. Mvua ya Machi imeyasukuma tu.

Ushahidi umo ndani ya maji yenyewe. Baadhi ya molekuli zake hubeba oksijeni iliyo nzito kidogo kuliko ya kawaida, na kila mvua huja na kiwango chake. Maji yaliyokaa ardhini yamechanganyika hata kiwango chake kimetulia. Basi ukichota mtoni wakati wa mafuriko na kupima, utajua kiasi gani kimetoka mawinguni leo na kiasi gani kilikuwa chini tangu zamani. Mwaka 1979 watafiti Sklash na Farvolden walichapisha vipimo vya namna hiyo kutoka Kanada, na maji ya zamani ndiyo yaliyotawala mafuriko. Mwaka 2016 mtafiti Scott Jasechko na wenzake walikadiria kwamba karibu theluthi moja tu ya maji ya mito ya dunia ina umri wa chini ya miezi mitatu hivi.

Sasa tuje Unyamwezi, kwao msomaji wetu. Uwanda huu, kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, umelala juu ya graniti kongwe. Mwamba mzima haushiki maji. Yanashikwa na tabaka la juu lililooza kuwa changarawe, na nyufa zilizo chini yake. Wasukuma, majirani wa kaskazini, wana jina kwa kila udongo kuanzia kilimani hadi bondeni: luseni, mchanga unaopitisha maji, itogolo, ambako wakulima huchimba majaruba ya mpunga, ibambasi, mgumu usiopenyeka, kisha mbuga, udongo mweusi unaopasuka kiangazi. Katika miaka ya 1930 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa Amani, Usambara, aliupa mfuatano wa aina hii jina la katena, na wataalamu wa udongo duniani kote wanalitumia hadi leo. Mvua huzama kwenye luseni na kuibukia pembezoni mwa mbuga. Hapo pembezoni ndipo penye jibu.

Chini ya ardhi kuna kina ambapo maji yamejaza kila kitundu. Ukichimba kisima, ndipo yanapotulia. Lakini juu ya uso wa maji hayo kuna ukanda mwingine, mara nyingi wa makumi ya sentimita, ambamo vitundu navyo vimejaa maji yaliyopandishwa na mvuto wa chembe za udongo. Maji hayo yamebanwa. Kisima kilichoishia humo kitabaki kitupu ingawa udongo wake ni chepechepe. Wengi huuita ukanda wa kapilari. Mimi nauita pindo la maji, kwa kuwa ni sehemu ya vazi lilelile, na kwa kuwa pindo tunalo tayari, ilhali kapilari kila mara linahitaji mwalimu pembeni.

Novemba pindo liko chini sana, na mvua inaishia kulowesha udongo mkavu wa juu. Kufikia Machi uso wa maji umepanda hata pindo linagusa nyayo zako. Hapo milimita chache za mvua zikidondoka, mbano unaachia na pindo lote linageuka maji huru kwa pamoja. Uso wa maji unaruka makumi ya sentimita kwa mvua isiyofunika kucha! Katika elimu yote ya maji sijui jambo linalonifurahisha kuliko hili. Kando ya mto linainuka tuta la maji ardhini, mteremko wa kuelekea mtoni unakuwa mkali ghafla, na maji yaliyolala pale tangu Krismasi yanatoka.

Fikiria msafara wa miaka ya 1860 ukielekea Tabora, mamia ya wapagazi katika njia nyembamba, mmoja nyuma ya mwenzake. Kirangozi, kiongozi wa msafara, amefika ukingoni mwa mto, amesimama. Mkia bado uko kilimani. Kule mkiani anafika mpagazi mpya na mzigo wake, anamgonga wa mwisho. Huyo anasogea hatua, anamgonga wa mbele yake, naye vivyo hivyo, hadi kirangozi anajikuta ametumbukia majini. Aliye ng'ambo atasema mgeni amefika. Lakini aliyeingia mtoni ni kirangozi, aliyekuwepo tangu asubuhi. Mgeni yuko kilimani, amepiga hatua moja, na kwa mwendo huo ataona mto baada ya miezi. Kilichosafiri safu nzima ni msukumo, nao haubebi mzigo. Sharti lake ni kwamba safu iwe imebanana. Wakiachiana nafasi, kama udongo wa Novemba, kila mgongano utamezwa na pengo la kwanza na kirangozi atabaki mkavu. Miezi minne ya mvua hutumika kuziba mapengo hayo.

Kweli, mbuga ikishalowa hujifunga, na mvua inayokimbia juu yake hufika mtoni ikiwa changa kabisa; ndiyo maana nilisema kwa sehemu kubwa, si yote.

Na madimbwi aliyoyataja msomaji? Oktoba 1871 mwandishi wa habari Stanley, akitoka Kwihara, karibu na Tabora, kumtafuta msafiri Livingstone, aliukuta Mto Gombe umekatika kuwa madimbwi yenye mamba, miezi mingi baada ya masika. Mto Ugalla hufanya hivyo kila mwaka, viboko wakibanana humo. Dimbwi lililokalia udongo wa mfinyanzi hujilindia maji yake. Lenye mchanga ubavuni hulishwa na ardhi. Mvua ya Novemba ikileta maji kidogo, mambo hugeuka, mto ndio unaoinywesha ardhi.

Siku hizi Tabora mjini inakunywa maji ya Ziwa Victoria, yaliyokuja kwa bomba kupitia Nzega: maji ya Nile yanamwagwa katika mji ambao mito yake huelekea Malagarasi, Ziwa Tanganyika, hadi Kongo. Nafurahia kila ndoo. Ila visima vya zamani naomba visifukiwe, kwa sababu ndivyo vitakavyomjibu msomaji wetu kwa macho yake. Achague kisima pembezoni mwa mbuga, chenye ukingo unaozuia maji ya juu, na kisichotwe siku ya kipimo. Apime kina kwa kamba na jiwe kabla ya mvua na nusu saa baada yake, Novemba na tena Machi, na pembeni aweke kopo lililonyooka la kukingia mvua. Kisima kikipanda mara ishirini au zaidi ya kina cha maji ya kopo, yaelekea pindo limeachia.