Ni Mji Gani Ulio Karibu?

Asubuhi hii twawaomba mfungue Biblia zenu katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 21, aya tisa za mwanzo. Ni fungu lisilohubiriwa mara nyingi, na sisi wenyewe tulilipita miaka mingi bila kusimama.

Sheria hiyo yasema habari za mtu aliyeonekana amelala porini, ameuawa, wala muuaji hajulikani. Wazee wafanye nini? Wanaamriwa watoke, wapime mwendo kutoka hapo alipolala maiti mpaka miji iliyo kandokando. Wazee wa mji utakaoonekana kuwa karibu zaidi ndio watakaonawa mikono mbele za Mungu na kushuhudia kwamba hawakuimwaga damu hiyo, wala macho yao hayakuona. Angalieni neno hilo la pili. Haitoshi mtu kusema, "Sikuua." Yampasa aweze kusema pia kwamba hakuona.

Sisi watu wa Malindi na Kilifi tunao msitu wetu. Mwezi wa Aprili 2023 makaburi yalianza kufukuliwa huko Shakahola, na maiti waliotolewa walipita 400. Wengi walikuwa watoto. Madaktari waliowapima waliona dalili za njaa, na wengine dalili za kunyongwa au kuzibwa pumzi. Februari 2024 mhubiri Paul Mackenzie na wenzake 29 walisomewa mashtaka katika Mahakama Kuu ya Malindi, ya kuwaua watoto 191, nao wakayakana. Hukumu ni kazi ya mahakama, hatutaiingilia. Lakini kupima mwendo ni kazi yetu.

Basi tupime. Mhubiri huyo hakutokea usiku kama mwizi. Alihubiri mjini Malindi miaka mingi. Mwaka 2017 alikuwa amekwisha kukamatwa kwa habari ya watoto waliokatazwa shule. Kanisa lake lilifungwa 2019, na watu wakamfuata msituni. Na Machi 2024 Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilitoa taarifa yake ikisema kwamba maofisa wa usalama waliletewa habari mapema wasizifanyie kazi. Hayo ni ya serikali. Je, ya kwetu? Alijiita mhubiri kama sisi, akabeba kitabu tunachobeba sisi. Ni wangapi kati yetu wachungaji tuliosikia mafundisho yale tukatikisa kichwa, tukasema, "Hao si wa dhehebu letu"?

Wala msidhani habari hii ni ya msituni tu. Desemba 2006 serikali na UNICEF walitoa uchunguzi uliofanywa Malindi, Kilifi, Mombasa na Kwale. Ulikadiria kwamba wasichana kati ya 10,000 na 15,000 wa pwani hiyo walikuwa wakitumiwa kwa zinaa ili wapate fedha au vitu. Tulizoea kulaumu watalii wa Ulaya, na kweli walikuwamo, Waitalia na Wajerumani na wengine. Lakini uchunguzi ule ule ulionyesha kwamba kundi kubwa kuliko yote lilikuwa la Wakenya wenyewe. Wanaume wenye mishahara, wenye pikipiki, labda wenye viti vya mbele kanisani.

Sasa twataka kueleza njia ya kumsaidia mtoto, maana wengi hawaijui. Sisi tulipokuwa chuo cha theolojia tulifundishwa Kigiriki, tukajua minyambuliko ya vitenzi vyake. Njia ya kwenda ofisi ya watoto hatukuonyeshwa. Ndiyo maana mama mmoja alipotujia jioni, miaka kadhaa iliyopita, na binti yake wa darasa la tano, tulifanya tulilolijua: tuliomba nao, tukawapa chai, tukamwambia arudi Jumapili tukae na wazee. Ilikuwa Jumatano. Alipofika hospitali ilikuwa Jumatatu, na mganga akatuuliza kwa upole kwa nini tumechelewa. Hatukuwa na jibu.

Jueni basi kwamba mtoto aliyenajisiwa hupelekwa hospitali kwanza, hata kabla ya polisi. Dawa ya kumkinga na virusi vya UKIMWI yapasa kuanza ndani ya saa 72, na kila saa inayopita hupunguza nguvu yake. Asiogeshwe. Nguo zake zisifuliwe, zitiwe katika mfuko wa karatasi, si wa plastiki, maana humo huoza na ushahidi ukaharibika. Kisha polisi, na ile fomu ya P3 ambayo daktari huijaza. Afisa wa watoto naye aambiwe. Asiyeweza kufika apige simu nambari 116; hailipiwi, na hupokelewa usiku na mchana.

Twajua pia kinachofanyika baadaye chini ya mwembe. Wazee wa pande mbili hukutana, hutajwa mbuzi au fedha, na baba hurudi akisema mambo yamekwisha. Hayakwisha. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 haikumpa mzazi ruhusa ya kuifuta kesi hiyo. Uamuzi wa namna hiyo ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Anayemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini yake amewekewa kifungo cha maisha. Mzee wa kanisa anayeketi kugawa mbuzi wale na ajiulize kama ataweza kunawa mikono.

Lakini tuseme haki. Tukimpeleka mtoto ofisini tukakuta afisa mmoja, faili zimejaa meza na gari halina petroli, tumemsaidia nusu tu. Kaunti ya Kilifi ina zaidi ya kilomita za mraba 12,000, na hesabu ya 2019 ilipata watu 1,453,787. Afisa wa watoto anayeitwa huko ndani ya Ganze au Magarini atakwendaje kwa miguu? Na mtoto aliyeokolewa kutoka nyumba ya mjomba wake atalala wapi usiku huo? Katiba ya 2010, kifungu cha 53, na Sheria ya Watoto ya 2022 zimempa mtoto haki ya kulindwa. Haki hiyo haiendi bila mishahara, vitanda na magari. Mikutano ya hadhara ya bajeti huitwa kila mwaka, nasi hatuonekani. Tukiitiwa harambee ya mabati ya kanisa tunajaa.

Wazee wetu hawakuwa hivyo. Rabai, hapa hapa Kilifi, palikuwa kimbilio la watumwa waliotoroka. Frere Town ilipoanzishwa 1875, wengi waliopokelewa walikuwa watoto walionyang'anywa katika majahazi. Kengele iliwekwa huko ya kuwaamsha watu wakiona hatari inakuja, na mahali pale paitwa Kengeleni mpaka leo.

Jumapili hii katika mtaa wetu, nambari 116 itaandikwa kwa rangi mlangoni mwa kanisa, kimo cha mtoto aweze kuisoma. Akina mama wa Mothers' Union wamechagua wawili wa kusindikiza mtoto hospitali saa yoyote, na halmashauri imetenga nauli yao. Wazee wanne wameandikiwa kwenda mkutano ujao wa bajeti.

Tuombe. Bwana, watoto wa Shakahola unawajua kwa majina. Na yule binti wa darasa la tano, sasa ni mtu mzima. Utusamehe siku zile tano. Amina.