Jembe la Mhunzi na Jembe la Kiwandani: Lipi Linamfaa Mfanyakazi?

Ndugu wafanyakazi, anayelima kwa kipimo anajua kwamba jembe baya hula mshahara. Jembe likipinda saa nne asubuhi, kipande hakimaliziki, na mgongo ndio unaolipa. Kwa hiyo si jambo dogo kuuliza: tununue jembe lililofuliwa na mhunzi au lile la kiwandani?

Sisi wa Arua na Koboko tunayajua yote mawili. Ufuaji wa chuma ulikuwako kwetu kabla ya ukoloni. Baadaye, vijana wengi wa West Nile walipokwenda kufanya kazi katika mashamba ya miwa ya Kakira na Lugazi, walizoea zana za viwandani.

Jembe la kiwandani hukatwa na kufinywa kwa mashine kutoka chuma cha aina moja. Joto la tanuri hupimwa. Basi jembe la kwanza na la mia hulingana kwa uzito na ugumu, na tundu la mpini huwa la kipimo kimoja. Hiyo ndiyo faida yake. Lakini kiwanda kikichagua chuma laini ili kupunguza gharama, majembe yote mia yatakuwa mabaya sawasawa, hata yakipakwa rangi nzuri.

Mhunzi wa leo mara nyingi hutumia springi za lori zilizochakaa. Hicho ni chuma kizuri, kigumu kuliko nondo au bati nene. Hukipasha moto mpaka kiwe chekundu, hukifua, kisha hukichovya ili kiwe kigumu. Hapo ndipo kuna siri ya kazi. Chuma kilichochovywa tu huvunjika kama kioo. Ni lazima kipashwe tena moto kidogo ili kipate kustahimili. Mhunzi hana kipimo cha joto. Hutazama rangi kwa jicho. Jicho likikosea, jembe litapinda au litavunjika. Lakini mhunzi anaweza kukutengenezea jembe jembamba la palizi au zito la kuvunjia ardhi, na likichakaa unamrudishia alifue upya. Mashine haifanyi hivyo.

Kabla ya kulipa, fanya haya:

1. Ligonge kwa jiwe. Likilia kama kengele, ni dalili njema. Likitoa sauti nzito iliyokufa, huenda lina ufa.
2. Kwaruza makali kwa tupa. Tupa ikizama kwa urahisi, chuma ni laini.
3. Tazama tundu la mpini. Ufa mdogo hapo ni hatari kwa anayelima mbele yako.
4. Chagua mpini wa mti mkavu, ambao nyuzi zake zimenyooka toka mwanzo hadi mwisho.

Basi mkono na mashine visigombanishwe. Ubora wa jembe hutoka katika chuma, moto, na uangalifu wa mtu, awe mbele ya mvukuto au mbele ya mtambo.

Jambo la mwisho. Katika shamba la mwajiri, zana mbovu si aibu ya mfanyakazi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri ahakikishe usalama mahali pa kazi. Jembe likilegea, usilifunge kwa kamba na kunyamaza. Mwonyeshe mjumbe wako wa chama siku hiyo hiyo.