Gari la Kifahari la Umeme Linapolala Gereji

Mota ya gari la umeme ina sehemu chache zinazozunguka. Haina plagi, haina mkanda wa taimingi, wala oili ya kumwaga kila baada ya kilomita elfu tano. Kwa hesabu hiyo mwenye gari angetarajia kuagana kabisa na gereji. Lakini magari ya kifahari ya aina hii, kama Tesla Model S, Jaguar I-Pace, Audi e-tron na Porsche Taycan, yana historia ndefu ya kurudishwa kwa mafundi mara kwa mara, hata katika nchi yanakotengenezwa. Kinachokufa mara nyingi si mota. Ni kompyuta, vifaa vya kuchajia, mfumo wa kupoozea na betri ndogo ya volti 12. Na matengenezo huchukua muda mrefu kwa sababu haijulikani mapema kosa liko upande gani na nani mwenye uwezo wa kuligusa, hata pale ambapo kazi yenyewe ni ya saa mbili.

Jijini Dar es Salaam ucheleweshaji huo una sura yake. Biashara ya spea ya Kariakoo, hasa upande wa Gerezani na Shaurimoyo, imejengwa juu ya wingi wa magari ya Kijapani yaliyotumika, Toyota yakiwa mbele. Fundi hufungua kifaa kilichokufa, hukishika mkononi kikiwa bado na grisi, hupita nacho duka hadi duka, na muuzaji hulinganisha matundu ya bolti na namba iliyochongwa pembeni. Kama dukani hakipo, kijana hutumwa stoo ya jirani. Kabla ya adhuhuri gari la IST au Noah limeshapata mota ya kuwashia iliyotolewa kwenye gari lililokatwa Japani, na jioni limerudi barabarani. Ni mfumo hodari, na wanaoudharau kwa kuwa hauna kompyuta hawajawahi kusubiri spea miezi mitatu huko Ulaya.

Gari la kifahari la umeme huukwamisha mfumo huu mahali pawili. Kwanza, magari yenyewe ni machache mno kuzalisha spea zilizotumika. Hakuna atakayeleta kontena la vipande vya Taycan kusubiri mteja mmoja. Pili, hata kipande kikipatikana, huenda kisikubali kufanya kazi. Magari ya kundi la Volkswagen, Audi ikiwamo, yana ulinzi unaofunga baadhi ya kontrolboksi kwenye namba ya chesisi ya gari zilimofungwa mara ya kwanza. Kontrolboksi ikihamishiwa gari lingine, hujizima au hufanya sehemu tu ya kazi yake, mpaka mashine ya kupimia iunganishwe kwa intaneti na seva za kiwanda na kupewa ruhusa. Namba iliyochongwa inalingana, matundu ya bolti yanalingana, na bado kifaa kinakataa. Tesla nayo huuza magari yake moja kwa moja bila mawakala, kwa hiyo hata njia ya zamani ya kumwendea wakala wa nchi jirani haipo kwa mtindo uliozoeleka.

Ndiyo maana hatua ya kwanza yenye faida ni kutenga kosa kabla ya kununua chochote. Makosa ya gari la umeme huangukia makundi matatu: yale ya umeme mdogo, ambayo fundi umeme yeyote makini anaweza kuyashughulikia, yale ya umeme mkubwa, ambayo yanaweza kuua, na yale yaliyofungwa nyuma ya programu ya kiwanda. Gari linalokaa gereji miezi minne mara nyingi limekaa hivyo kwa sababu kosa la kundi la kwanza limetibiwa kama la tatu, au la pili limetibiwa kama la kwanza.

Betri ya volti 12 ndiyo ya kuanza nayo. Betri kubwa haijaunganishwa na mota moja kwa moja; katikati kuna swichi nzito ziitwazo kontakta, zinazovutwa na umeme wa ile betri ndogo. Dereva akibonyeza kitufe cha kuwasha, chini ya sakafu husikika mlio mfupi, tak, tak. Hizo ni kontakta zikifunga njia ya volti 400, au 800 kwa Taycan. Betri ndogo ikidhoofika, mlio haufiki. Skrini humwaga maonyo kwa mpigo: breki, usukani, mifuko ya hewa, mfumo wa mota. Milango yenye vishikio vinavyojificha ndani ya bodi huweza kukataa kufunguka. Mwenye gari huamini kila kitu kimeungua, ilhali mita ya kawaida ikiwekwa kwenye vichwa vya betri husoma volti 11. Joto la Dar es Salaam hufupisha maisha ya betri za risasi na asidi, na magari haya huendelea kunyonya umeme hata yakiwa yameegeshwa, kwa ajili ya kengele ya wizi na mawasiliano ya mtandao. Kifaa kinachoichaji betri hiyo nacho kina makosa yake: mwezi Machi 2024 Hyundai na Kia ziliyaita gereji magari yapatayo 147,000 nchini Marekani, Ioniq 5, EV6 na Genesis za umeme zikiwamo, kwa sababu kifaa hicho kiliweza kuharibika na gari likapoteza nguvu likiwa njiani.

Kosa jingine la kawaida halimo ndani ya gari kabisa. Chaja hukagua waya wa ethi kabla ya kuruhusu umeme kupita. Katika majengo mengi ya zamani ya Kariakoo na Kisutu, ethi ama haikuwekwa, ama fimbo yake imeoza ardhini, ama ilikatwa wakati wa ukarabati. Friji na feni haviulizi. Gari linauliza, na likikosa jibu hukataa kuchaji. Jenereta ndogo za kubeba huleta kisa kilekile, kwa kuwa waya wake wa nyutro haukuunganishwa na ardhi. Msongo wa umeme ukishuka sana jioni chini ya volti 230 za kawaida, chaja hupunguza kasi au hukata. Ukipanda ghafla umeme unaporudi baada ya kukatika, huweza kuiunguza chaja iliyomo ndani ya gari, na hiyo si spea ya kuokota mtaani. Fundi wa majengo mwenye kipimo cha ethi, pamoja na kifaa cha kukinga mruko wa umeme kwenye bodi ya fyuzi, humaliza matatizo ambayo gereji tatu zingeyatafuta ndani ya gari bila kuyaona. Kuchaji kwa waya ulioshushwa kutoka ghorofa ya tatu na kuungwa kwa tepu ni jambo jingine. Waya mwembamba ukibeba ampia 10 kwa saa nane hupata moto mahali ulipoungwa.

Upande wa kompyuta kuna mfano unaoihusu Kariakoo kuliko inavyodhaniwa. Tesla Model S za 2012 hadi 2018 na Model X za 2016 hadi 2018 zilikuwa na kompyuta ya skrini iliyotumia chipu ya kumbukumbu ya gigabaiti 8. Programu iliandika kumbukumbu ndogondogo kwenye chipu hiyo bila kukoma hadi ikachakaa. Skrini ikawa nyeusi, kamera ya nyuma ikapotea, kiyoyozi kikagoma kupokea amri. Februari 2021 Tesla iliyaita magari yapatayo 135,000 Marekani kwa sababu hiyo. Kabla ya hapo, wamiliki wengi walitakiwa kununua kompyuta nzima, huku mafundi huru wakifungua bodi, kung'oa chipu moja, kunakili data yake na kubandika nyingine kubwa zaidi. Kazi hiyo ya hadubini na hewa ya moto ndiyo inayofanywa kila siku na mafundi simu wa Mtaa wa Aggrey. Kwa makosa ya aina hii, msaada ulio karibu zaidi na gari la mamilioni hauko Gerezani bali kwenye meza ya fundi simu, mradi mtu mwingine aitoe bodi kwenye gari na kuirudisha kwa utaratibu, na data ya zamani isipotee.

Umeme mkubwa hauna uvumilivu huo. Nyaya zake zimevalishwa ganda la rangi ya chungwa ili zitambulike, na hakuna sababu ya fundi asiyefunzwa kuzigusa. Anayefanya kazi huko hukata kwanza umeme mdogo, huchomoa plagi ya usalama, husubiri dakika zilizotajwa na kiwanda ili kapasita za inveta ziishiwe umeme, kisha hupima kwa mita kuhakikisha hakuna kilichobaki, akiwa amevaa glavu za kuhimili msongo huo. Gari lenyewe hujipima muda wote kuona kama umeme unavuja kwenda kwenye bodi. Kiwango cha chini cha kimataifa cha ukinzani wa kinga dhidi ya uvujaji huo kwa umeme mnyoofu ni omu 100 kwa kila volti, yaani omu 40,000 kwa betri ya volti 400. Ukinzani ukishuka chini ya hapo, mashine ya kupimia huonyesha msimbo kama P0AA6 na gari hukataa kuwaka.

Msimbo huo humtisha kila mtu, na mara nyingi haumaanishi betri. Unyevu kwenye plagi, kiyoyozi, hita au maji ya kupoozea yaliyopenya ndani ya mota vinaweza kuuleta. Mota za mwanzo za Model S zilijulikana kwa sili iliyovujisha maji ndani. Lakini chanzo kinachostahili kutajwa zaidi kwa mazingira ya Dar es Salaam ni fundi wa kiyoyozi. Kompresa ya gari la umeme imeshika waya wa msongo mkubwa ndani ya oili yenyewe, hivyo inahitaji oili ya POE isiyopitisha umeme. Oili ya PAG inayowekwa kwenye magari ya kawaida hupitisha umeme kiasi cha kuvunja kinga hiyo. Mwenye gari huenda kujaziwa gesi kwa sababu ya joto la Februari, na wiki mbili baadaye gari haliwaki. Hakuna anayeunganisha matukio hayo mawili. Na kwa kuwa kiyoyozi hicho ndicho kinachopoza betri katika magari mengi ya kifahari, kompresa iliyokufa hupunguza pia kasi ya kuchaji na nguvu ya gari.

Maji ya mafuriko ni kundi la peke yake. Bonde la Msimbazi kwenye Jangwani, hatua chache kutoka Kariakoo, hujaa karibu kila masika. Kasha la betri hutengenezwa kustahimili kuzama kwa muda, lakini kinga hiyo hupimwa kwenye gari jipya, si kwenye kasha lililogongwa na matuta kwa miaka sita. Maji yenye chumvi ni mabaya zaidi: baada ya kimbunga Ian huko Florida, Septemba 2022, baadhi ya magari ya umeme yaliyozamishwa na bahari yaliwaka moto siku kadhaa baada ya maji kupungua. Gari lililozama halichajiwi wala haliegeshwi chini ya ghorofa. Hukaa uwanjani, mbali na majengo, mpaka kasha lifunguliwe na kukaguliwa.

Kosa likishathibitishwa kuwa la betri yenyewe, subira huanza kwa haki. Betri ya Audi e-tron ya kilowatisaa 95 ina uzito wa karibu kilo 700, na betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake zimepigwa marufuku kwenye ndege za abiria tangu Aprili 2016. Kwenye ndege za mizigo hupakiwa zikiwa na chaji isiyozidi asilimia 30. Iliyoharibika haipandi ndege kabisa. Inabaki meli, kwa taratibu za mizigo ya hatari. Ahueni ni kwamba betri nyingi si kipande kimoja. Ile kubwa ya Taycan ina moduli 33, na hiyo ya e-tron 36. Moduli moja mbovu inaweza kubadilishwa, ilimradi mpya ilinganishwe msongo na zilizobaki kabla ya kufungwa. Gereji inayokimbilia kusema betri yote imekufa inapaswa kuonyesha vipimo vya kila moduli.

Karatasi ndizo zinazoamua nani analipa. Jimbo la California lina sheria inayodhania gari jipya ni bovu likirekebishwa mara nne kwa kosa lilelile, au likilala gereji zaidi ya siku 30, ndani ya miezi 18 ya mwanzo. Tanzania haina kanuni ya namna hiyo. Kuna Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, na Sheria ya Ushindani ya 2003 iliyo chini ya Tume ya Ushindani (FCC), ambazo humtaka muuzaji atoe bidhaa inayofaa kwa kazi yake. Mlalamikaji anatakiwa aonyeshe kosa lilikuwapo, lilirudi na lilitajwa. Kwa hiyo kila safari ya gereji inahitaji hati yenye tarehe, kilomita, misimbo yote iliyosomwa kabla ya kufutwa, na kilichobadilishwa. Msimbo ukifutwa bila kupigwa picha, ushahidi umekwenda.

Aliyeagiza gari lililotumika asitegemee dhamana ya betri ya miaka minane. Kwa kawaida hufungwa kwenye soko ambako gari liliuzwa likiwa jipya. Wito wa kiwanda ni tofauti kidogo, kwani hufuata namba ya chesisi, na namba hiyo inaweza kukaguliwa kwenye tovuti ya kampuni kabla gari halijapakiwa melini, wakati kazi bado inafanyika bure. Jaguar, kwa mfano, ilitangaza mwaka 2024 kununua tena I-Pace za mwaka 2019 zipatazo 2,760 nchini Marekani kwa hatari ya moto wa betri. Gari la mfano huohuo likionekana mnadani Uingereza kwa bei ya kushangaza, mnunuzi wa Dar es Salaam ana namba ya kuulizia kwanza, na bima kubwa ya kuisoma kipengele kwa kipengele kuona kama betri iliyopigwa jiwe kwa chini inahesabiwa ajali au uchakavu.