Je, Wajua? Kuna klova inayostahimili chumvi

Klova ni mimea ya malisho, na nyingi hudhoofika udongo unapojaa chumvi na maji yakatuama. Klova ya stroberi, ambayo mtaalamu wa mimea Linnaeus aliiita Trifolium fragiferum mwaka 1753, humea porini kwenye mbuga zenye majimaji za Ulaya na Asia ya Magharibi, hata kando ya vinamasi vya chumvi. Maua yakishakomaa, vikombe vyake huvimba na kufanya kichwa cha waridi kinachofanana na stroberi. Mashina hutambaa na kuota mizizi kwenye vifundo, na bakteria waishio katika vinundu vya mizizi huigeuza naitrojeni ya hewani kuwa chakula cha mmea. Ndiyo maana wafugaji wa Australia huipanda kwenye malisho yenye unyevu na chumvi ya kiasi.

Wapo wasemao kwamba ni afadhali kuiosha ardhi chumvi yake. Sawa, lakini kazi hiyo hutaka maji baridi mengi na mifereji ya kuyatoa, na si kila mkulima anavyo. Wengine watasema klova hii haiondoi chumvi, na chumvi ikizidi sana nayo hushindwa. Ni kweli, manufaa yake ni kuifanya ardhi iliyoathirika kiasi iendelee kulisha mifugo. Ustahimilivu wake wa chumvi ulijengeka porini kabla ya mkulima kuutumia. Kwa hiyo, kulinda mbuga na vinamasi vya chumvi ni kuilindia kesho ya kilimo mbegu zake.