Gari la Chama Linapomisi: Jinsi ya Kuutafuta Ubovu Usioonekana

Msimu wa kununua pamba unapofika katika vijiji vya Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu, gari la chama halipumziki. Ikiwa gari hilo ni Land Rover ya zamani ya petroli, kama zile za Series III zilizoundwa kati ya 1971 na 1985, huweza kupatwa na ugonjwa unaosumbua sana: injini hukosa mpigo, hutulia, kisha huanza tena. Mafundi husema gari linamisi.

Ugumu wake ni kwamba gari likifika gereji huwa limepona. Fundi hubahatisha. Leo hununuliwa plagi, kesho koili, keshokutwa kabureta. Na fedha zote hizo ni jasho la wanachama. Kwa hiyo yafaa ubovu uthibitishwe kabla ya kununua chochote.

Kwanza, dereva aandike katika daftari la gari ni wakati gani injini hukosa: ikiwa baridi au moto, mlimani, kwenye mashimo, au baada ya mvua. Maandishi hayo ni nusu ya kazi.

Pili, ijulikane kama ni silinda moja au zote. Injini ikiwa inamisi, fundi achomoe waya za plagi moja baada ya nyingine kwa koleo yenye mpini wa mpira. Waya ambayo ikichomolewa mwendo wa injini haubadiliki, silinda yake haifanyi kazi. Plagi hiyo ibadilishane nafasi na ya jirani. Ubovu ukihama pamoja nayo, plagi ndiyo mbovu. Usipohama, ijaribiwe waya, kisha vali na mgandamizo wa silinda. Jaribio hili lisifanywe kwa magari ya kisasa yenye kompyuta, kwani laweza kuyaharibu.

Tatu, silinda zote zikikosa kwa pamoja, chanzo kipo mahali zinapochangia. Koili iliyochoka hufa ikipata moto na kufufuka ikipoa. Pointi zilizoungua upesi huelekeza kwenye kondensa. Usisahaulike waya mwembamba ulio ndani ya distribyuta: hukunjwa kila mara bamba la pointi linapozunguka, nao huweza kukatika ndani huku ganda lake likionekana zima. Nafasi ya pointi iwe milimita 0.35 hadi 0.40, na ya plagi 0.75 hadi 0.80.

Nne, ikiwa injini hukosa ikivuta mzigo au ikienda kasi tu, petroli nayo ishukiwe. Maji na vumbi hutua katika bakuli la pampu na kuziba njia za kabureta. Visafishwe injini ikiwa imepoa, mbali na moto na sigara.

Usiku, gari likiwa limesimama na injini ikinguruma, boneti lifunguliwe bila kuwasha taa. Cheche za buluu zikirukaruka kando ya waya au kofia ya distribyuta, umeme unavuja hapo.

Katibu aidhinishe ununuzi wa kifaa baada ya fundi kuonyesha jaribio lililokithibitisha kuwa kibovu, tena kibadilishwe kimoja kwa wakati mmoja. Vikibadilishwa vitatu pamoja, gari laweza kupona, lakini chama hakitajua kilicholiponya. Na msimu ujao gharama zitaanza upya.