Je, Wajua? Ukikamatwa Ijumaa Nchini Kenya

Je, wajua kwamba askari akikukamata lazima akueleze sababu bila kukawia, kwa lugha unayoielewa? Ndivyo kinavyosema Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010. Akuambie pia kwamba una haki ya kunyamaza, na yatakayofuata usiponyamaza. Akikusomea Kiingereza nawe wajua Kipokomo tu, bado hajakueleza kitu.

Je, wajua kwamba polisi wana saa 24 tu za kukufikisha mahakamani? Katiba ya zamani iliwapa siku 14 kwa makosa ya kunyongwa. Lakini saa hizo zikiisha wakati mahakama imefungwa, hungojwa siku ya mahakama inayofuata. Ukikamatwa Ijumaa jioni, saa zinaisha Jumamosi na hakimu ni wa Jumatatu. Mama wa kibanda cha mboga atalala korokoroni siku tatu, nyanya zikioza na watoto wakilelewa na jirani, na hakuna sheria iliyovunjwa! Mwanya huu ni mpana mno. Basi dai dhamana ya polisi: kwa makosa mengi, mkuu wa kituo anaweza kuitoa hata Jumamosi usiku. Pesa za dhamana hurudishwa kesi ikiisha, kwa hiyo usiondoke bila risiti.

Je, wajua kwamba kosa la faini pekee, au la kifungo kisichozidi miezi sita, halikupeleki rumande?

Je, wajua kwamba ungamo ulilompa mpelelezi wa kesi yako si ushahidi? Huungamwa mbele ya jaji, hakimu, au afisa mwingine wa polisi wa cheo cha inspekta kwenda juu, akiwapo mtu uliyemchagua wewe.

Je, wajua kwamba kibali cha kupekua nyumba hutumika kati ya macheo na machweo, isipokuwa mahakama iwe imeruhusu saa nyingine? Na mwanamke hupekuliwa na mwanamke mwenzake, kwa staha.

Je, wajua kwamba ndugu yako akishikiliwa mahali msipopajua, mnaweza kuiomba Mahakama Kuu iamuru aletwe mbele yake? Kifungu cha 25 kinakataza haki hiyo kupunguzwa, hata nchi ikiwa katika hali ya hatari.